Nilijaribu namba saba, kumbe nilijaribu moja: kisa cha sauti kwenye Hackintosh

Kompyuta yenyewe ni Hackintosh, yaani kompyuta isiyo ya Apple inayoendesha macOS, mfumo endeshi wa Apple. Niliiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa ajili ya mdogo wangu. Yeye huhariri sauti na video, na mkono wake umezoea macOS. Kichakataji ni Core i5-8400, bodi mama ni ya mfululizo wa 300 wa Intel, kadi ya picha ni RX 580, na kiwashio ni programu ya OpenCore inayoamsha macOS Monterey. Siku ya kwanza tu mambo mengi yalikuwa sawa: picha ilikuwa safi, mtandao ulishika, mashine ililala na kuamka bila matatizo. Sauti ndiyo haikutoka. Alichomeka spika nyuma, akacheza wimbo, akasubiri, kisha akaniuliza, “Kaka, mbona kimya?”

Niseme mapema tulisimama wapi. Leseni ya Apple inaruhusu macOS isakinishwe kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple peke yake. Mashine ya kujiundia haimo, kwa hiyo hakuna dirisha la huduma la kwenda kugonga. Anayeingia njia hii anajitegemea, na chochote kisichofanya kazi ni juu yake kukielewa. Ndiyo maana naandika kisa hiki kwa urefu: mambo matatu tofauti yalijificha nyuma ya kimya kimoja, nami kwa muda mrefu niliyashughulikia kama jambo moja.

Dalili ya kwanza ilinipotosha. Kwenye mipangilio ya sauti kulikuwa na kifaa kimoja cha kutolea sauti, na kwa haraka nikadhani ndicho kile cha bodi mama. Sicho. Kilikuwa njia ya sauti ya HDMI, inayotoka kwenye kadi ya picha kwenda kwenye kioo, na kioo chetu hakina spika. Kadi ya picha ina kidhibiti chake cha sauti kisichohusiana kabisa na matundu ya kijani na ya waridi nyuma ya kasha. Ukiona kifaa kwenye orodha, soma jina lake vizuri kabla ya kufurahi.

Ili kuelewa kilichokuwa kinakosekana, inabidi kujua sauti ya bodi mama inapita wapi. Tangu Intel ilipotoa kiwango cha High Definition Audio mwaka 2004, kazi imegawanywa kati ya sehemu mbili. Kidhibiti kimo ndani ya chipseti, na kazi yake ni kusafirisha data. Kodeki ni chipu ndogo pembeni mwa bodi, mara nyingi karibu na matundu ya nyuma, na ndiyo inayogeuza namba kuwa mawimbi ya umeme yanayofika kwenye spika. Kwetu kodeki ni Realtek ALC892. Kidhibiti macOS inakijua. Kodeki haiijui, kwa sababu AppleHDA, draiva ya sauti ya Apple, imebeba maelezo ya kodeki zilizowekwa kwenye Mac zenyewe tu.

Pengo hilo linazibwa na AppleALC, ikisaidiwa na Lilu: programu mbili ndogo zinazoongezwa kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo. Hazibadilishi faili yoyote ya mfumo. Wakati keneli inapakia AppleHDA, zinaingilia kati na kuirekebisha ikiwa tayari kwenye kumbukumbu, na kuipa maelezo ya kodeki ambayo haikuwa nayo. Hii ni kazi ya kujitolea iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa, na kila ninapoitumia nawashukuru walioiandika. Lakini AppleALC haiwezi kukisia bodi yako imefungwaje nyaya. Unapaswa kuiambia, na unaiambia kwa namba moja inayoitwa layout-id, yaani namba ya ramani ya nyaya hizo.

Hapa ndipo watu wengi huanza kupiga ramli, nami nilikuwa mmoja wao. Orodha ya ALC892 ina namba nyingi, na ushauri unaosambaa ni mmoja: jaribu hii, ikikataa jaribu inayofuata. Njia rahisi ya kujaribu ni kuandika alcid= na namba kwenye boot-args, yaani mstari wa vigezo ambavyo keneli husoma inapowaka, ndani ya config.plist, faili ya mipangilio ya OpenCore. Nikaandika namba, nikawasha upya, kimya. Nikabadilisha, nikawasha upya, kimya. Jioni mbili zilikwenda hivyo. Namba saba nilizipitia, kila moja nikiiandika kwenye karatasi na kuikata kwa mstari.

Njiani niliangalia pia mambo mengine ambayo kwa kweli yanastahili kuangaliwa. Amri ya kextstat, inayoorodhesha viongezi vya keneli, ilionyesha kwamba Lilu na AppleALC zote zimepakiwa. Mpangilio wao kwenye faili ulikuwa sahihi, Lilu ikitangulia, kwa sababu AppleALC inaitegemea. Nilisoma pia ushauri mwingi kuhusu kurekebisha mgongano wa HPET, saa ya ndani ya bodi. Ushauri huo una msingi wake, ila unahusu zaidi bodi za zamani kuliko hii. Kuupakia kwenye bodi ya mfululizo wa 300 ni kuongeza kitu kingine cha kukitilia shaka baadaye, nami niliuacha.

Kilichonifungua macho hakikuwa sauti. Nilitaka kuona maandishi ya keneli wakati mashine inawaka, nikaongeza -v kwenye mstari uleule wa boot-args. Nikawasha upya. Ikaja nembo ya tufaha na mstari wa maendeleo, kama kawaida. Hakuna andishi hata moja.

Nilikaa nikitazama kioo. Kigezo cha -v hakina uhusiano na kodeki, hakihitaji draiva, hakichagui bodi. Kama hakionekani, basi keneli haikukisoma. Na kama haikusoma hicho, kuna sababu gani ya kuamini kwamba ilisoma alcid iliyoandikwa pembeni yake? Nikafungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, na kuandika:

nvram boot-args

Jibu lilirudi na namba ambayo sikuwa nimeiandika kwa siku mbili. Ilikuwa namba ya mwanzo kabisa, iliyokuja na faili ya config.plist niliyoinakili kutoka kwenye mashine yangu nyingine, ambayo ina kodeki nyingine. Kwenye orodha ya ALC892 namba hiyo haimo. Kwa hiyo AppleALC ilikuwa ikiulizwa ramani isiyokuwepo, haina cha kutoa, na sauti ya bodi mama haikuweza hata kutokea kwenye orodha.

Sababu yake ni tabia ya OpenCore iliyoelezwa wazi kwenye maelekezo yake, na niliipita bila kuisoma kwa makini. Vigezo hivi huhifadhiwa kwenye NVRAM, kumbukumbu ndogo ya bodi isiyofutika umeme ukikatika. Sehemu ya Add kwenye config.plist huandika kigezo pale tu ambapo hakipo. Kikiwa tayari kipo, OpenCore inakiheshimu na kukiacha. Ukitaka kiandikwe upya kila mara, jina lake lazima liwe pia kwenye sehemu ya Delete, ili kifutwe kwanza kisha kiandikwe. Kwenye faili yangu, boot-args ilikuwa kwenye Add na haikuwa kwenye Delete. Siku ya kwanza mashine ilipowaka, mstari wa zamani ulijichora kwenye NVRAM, na tangu hapo kila nilichobadilisha kwenye faili hakikufika popote. Nilikuwa natwanga maji kwenye kinu. Namba saba kwenye karatasi zilikuwa zimejaribiwa mara saba, namba moja ileile.

Niliongeza boot-args kwenye Delete, chini ya 7C436110-AB2A-4BBB-A880-FE41995C9F82, ambacho ndicho kitambulisho cha eneo la vigezo hivyo. Nikawasha upya, na maandishi meupe yakamwagika kwenye kioo kizima. Sauti bado haikuwa imetoka, lakini kwa mara ya kwanza mashine ilikuwa inanisikia.

Wakati huu sikutaka kurudi kwenye kubahatisha. Namba za layout-id si siri wala si viwango vya ubora. Kila namba ni ramani iliyochorwa na mtu fulani kwa ajili ya bodi fulani. Kodeki moja ya ALC892 imewekwa kwenye bodi za kila aina: zenye matundu matatu nyuma, zenye matano, zenye sita. Ndani ya chipu kuna nodi, vituo vidogo vyenye anwani, na kila mtengenezaji wa bodi anaamua nodi ipi inaunganishwa na tundu lipi. Kodeki ni ileile, ila milango inaelekea pengine. Kwa hiyo swali la maana si “namba ipi inafanya kazi kwa ALC892?” bali “nani mwingine ana bodi iliyofungwa kama yangu?”

Jibu linapatikana kwenye bodi yenyewe. Niliwasha mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote, na kusoma faili hii:

/proc/asound/card0/codec#0

Humo kuna kila nodi na thamani yake ya pini kama mtengenezaji wa bodi alivyoiweka. Nodi 0x14 ilikuwa na 0x01014010. Ukiijua lugha yake, thamani hiyo inasimulia. Tarakimu mbili za mwanzo, 01, zinasema kuna tundu la kweli na lipo nyuma ya kasha. Sifuri inayofuata inasema ni laini ya kutoa sauti. Moja inasema ni tundu la milimita 3.5, na nne inasema rangi yake ni kijani. Mbili za mwisho zinaeleza kundi na nafasi ndani ya kundi. Nikageuza kasha nikatazama nyuma: tundu la kijani lilikuwa pale pale. Nodi 0x1b ilikuwa na 0x02214020, yaani hedifoni, kijani, mbele ya kasha. Nodi 0x18 na 0x19 zilikuwa za maikrofoni, moja nyuma na moja mbele, zote za rangi ya waridi. Nodi 0x1a ilikuwa laini ya kuingiza sauti, rangi ya buluu. Nyingine zilibeba 0x411111f0, ambayo ni njia ya kusema hapa hakuna kilichounganishwa.

Kwa hiyo bodi hii ni ya matundu matatu nyuma na mawili mbele. Nilipofungua chanzo cha AppleALC na kwenda kwenye maelezo ya pini za ALC892, nilikuta kila ramani ina mfuatano wa maagizo kama huu:

01471C10 01471D40 01471E01 01471F01

Sifuri ya mwanzo ni anwani ya kodeki, 14 ni nodi, 71C hadi 71F ni amri za kuandika baiti moja moja, na tarakimu mbili za mwisho ndizo baiti zenyewe, ya chini ikitangulia. Zipange kinyume: 01, 01, 40, 10. Ni 0x01014010 ileile niliyoisoma kwenye Linux. Sitasahau nilivyojisikia nilipoiona. Mtu nisiyemjua alikuwa ameandika kwa mkono, kwenye faili ya umma, maelezo ya tundu lililokuwa mbele ya macho yangu.

Nikalinganisha ramani zilizokuwepo na karatasi yangu, nodi kwa nodi. Iliyokaribiana zaidi na bodi yetu ilikuwa namba 2. Naitaja kwa ajili ya ukamilifu wa kisa. Mwenye ALC892 yenye matundu sita hana sababu ya kuinakili, na mwenye kodeki nyingine hana kabisa. Nikaiandika kwenye alcid, nikawasha upya, na spika za nyuma zikaimba.

Baada ya hapo nilihamisha namba kutoka kwenye boot-args kwenda mahali pake pa kudumu, DeviceProperties, sehemu ya config.plist yenye sifa za vifaa, kwenye njia (anwani) ya kidhibiti cha sauti. Kwa bodi za mfululizo wa 100 kuja juu njia hiyo ni PciRoot(0x0)/Pci(0x1f,0x3). Bodi za zamani hutumia Pci(0x1b,0x0), na ukichanganya hizo mbili, kigezo chako kitaning'inia hewani bila kifaa. Thamani huandikwa kama data ya baiti nne, ya chini kwanza, kwa hiyo 2 inakuwa 02000000. Kisha alcid nikaifuta kabisa, kwa sababu ikiwepo inashinda kigezo cha DeviceProperties. Ukiziacha zote mbili, siku utakayobadilisha moja utashangaa kwa nini hakuna kilichobadilika, na mimi siku mbili za mshangao huo zinanitosha.

Tatizo la pili lilijitokeza dakika kumi baadaye. Mdogo wangu hafanyi kazi kwa spika, anafanya kwa hedifoni, na kasha liko chini ya meza, kwa hiyo anachomeka mbele. Alichomeka. Sauti iliendelea kutoka kwenye spika za nyuma, na hedifoni zikabaki bubu.

Mazoea yangu ya siku mbili yalinivuta nirudi kwenye namba. Nilijizuia. Ramani ilikuwa imelingana na bodi kwenye nodi 0x1b, kwa hiyo kama tatizo lingekuwa la ramani, ningelikuta pale. Nikarudi Linux, nikachomeka hedifoni mbele, na kuangalia hali ya tundu kwa amixer -c 0 contents. Kwenye kipengele cha tundu la hedifoni la mbele ilisomeka off. Nikachomoa, off. Nikachomeka tena, off. Mifumo miwili isiyohusiana ilikuwa inasema jambo moja: umeme wa kuhisi plagi haufiki kwenye chipu. Hili haliwezi kuwa la programu. Nikachukua bisibisi.

Waya wa sauti unaotoka mbele ya kasha ulikuwa na vichwa viwili. Kimoja kimeandikwa HD AUDIO na kingine AC'97, kiwango cha zamani ambacho High Definition Audio ilikuja kukirithi. Vyote viwili vinaingia kwenye safu ileile ya pini za bodi, kwa sababu pini ya nane haipo kwenye zote mbili na tundu la kichwa limezibwa mahali hapo. Wakati wa kuunganisha mashine nilichomeka kile kilichokuwa karibu na mkono, nacho kilikuwa cha AC'97. Kwenye mpangilio wa HD, pini ya saba ndiyo inayopeleka ishara ya kuhisi hadi kwenye matundu ya mbele, na pini ya sita na ya kumi ndizo zinazoirudisha. Kwenye AC'97 pini ya saba haina kazi, na ya sita na ya kumi zinarudisha sauti yenyewe. Basi kichwa kinaingia vizuri, kinabana vizuri, na kodeki haijui kamwe kama kuna mtu amechomeka kitu. AppleHDA husubiri ishara hiyo ndipo ihamishe sauti kutoka nyuma kwenda mbele. Haikuipata, haikuhama.

Nilibadilisha kichwa. Nikahakikisha pia kwenye mipangilio ya BIOS kwamba aina ya paneli ya mbele imewekwa HD, maana bodi nyingi zina chaguo hilo na likiwa AC97 unarudi palepale. Hedifoni zikatoa sauti, na kuzichomoa kukairudisha kwenye spika. Maikrofoni ya mbele nayo ikaamka wakati huohuo, ingawa tulikuwa bado hatujagundua kwamba ililala.

La tatu ni dogo. Mashine ina Windows kwenye diski ya pili, kwa ajili ya programu moja isiyo na toleo la macOS. Ukitoka Windows kwa kuwasha upya tu na kuingia macOS, mara nyingine kifaa kinaonekana, kiwango cha sauti kinapanda, lakini hakuna kinachosikika. Draiva ya Windows imeiacha kodeki katika hali ambayo AppleHDA haiitarajii, na kuwasha upya hakukati umeme wa chipu. Kuzima kabisa kunaukata. Kwa hiyo utaratibu wetu ni kuzima, kuhesabu hadi kumi, kisha kuwasha. Najua kuna wanaolitafutia dawa ndani ya kiwashio, nami huenda nitalishughulikia siku nyingine, lakini kwa mtu anayeingia Windows mara chache, kuzima mashine si mzigo.

Wakati wote huu kulikuwa na njia ya mkato, na haki inanitaka niitaje. Kifaa kidogo cha sauti cha USB kinachofuata kiwango cha kawaida kingefanya kazi bila Lilu, bila AppleALC, bila namba yoyote, kwa sababu macOS ina draiva yake ya kawaida ya vifaa hivyo. Mwenye haraka ya kazi akichukua njia hiyo, ninamwelewa kabisa. Kwa mashine hii sikuitaka, kwa sababu chipu ilikuwepo, nzima, na kila kitu kilionyesha kwamba ilikuwa tayari kufanya kazi. Kuikwepa kungeacha pia waya wa mbele umechomekwa kichwa kisicho chake na mstari wa NVRAM usiobadilika, na mstari ule ungekuja kuniumiza siku ya kurekebisha jambo jingine lisilohusu sauti kabisa.

Wanaofuatilia matoleo mapya wana jambo jingine la kupima. Kwenye macOS Tahoe ya mwaka 2025 Apple iliiondoa AppleHDA. Mac za Intel zinazokubaliwa na toleo hilo zote zina T2, chipu ya Apple yenyewe, na sauti yake inapitia draiva nyingine. AppleALC hurekebisha AppleHDA, na palipo tupu haina cha kurekebisha. Kuirudisha draiva ile kwenye Tahoe kunahitaji kugusa mfumo wenyewe, jambo ambalo AppleALC kwa miaka yote imetuepusha nalo. Mdogo wangu ameniuliza kama atapandisha toleo. Nimemwambia abaki Monterey, na siku programu zake za kuhariri zitakapoikataa, tutanunua kifaa cha USB.

Faili niliyoisoma kwenye Linux nimeihifadhi ndani ya nakala ya EFI yake, folda yenye faili za OpenCore, pamoja na picha ya kichwa cha HD AUDIO kikiwa kimechomekwa na karatasi ya nodi zake. Namba saba zilizokatwa kwa mstari ziko nyuma ya karatasi hiyohiyo.